Mchoro halisi wa kwanza: ninunue kwa kuupenda au kwa kutarajia faida?

Bint Ilala, Dar es Salaam

Ndugu wana jukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limezua mjadala mrefu nyumbani kwetu. Kwa muda nimekuwa nikiweka fedha kidogo kidogo ili ninunue mchoro halisi, yaani kazi iliyochorwa kwa mkono na msanii ninayemjua jina, na si bango lililochapishwa kiwandani. Fedha hizo sasa zimefika shilingi milioni 4, na kwa mshahara wangu si fedha ya kuchezea.

Kuna picha mbili ambazo zimenikaa moyoni. Ya kwanza ni ya mtindo wa Tingatinga, ubao wa mraba wa sentimita 60 kwa 60, una chui mmoja aliyegeuza shingo, na nyuma yake kumepakwa rangi moja tu ya kijani iliyopauka. Muuzaji anasema ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kwamba imesainiwa na mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Edward Tingatinga. Anataka milioni 3 na nusu. Ya pili ni ya mchoraji kijana wa hapa Dar es Salaam, rangi za akriliki juu ya turubai, na inaonyesha akina mama wakisubiri kivuko cha Kigamboni alfajiri. Nyuso zao zimeachwa bila macho wala midomo, ila mikono imechorwa kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba unamtambua aliyezoea kubeba ndoo ya samaki na yule aliyemshika mtoto kiunoni. Bei yake ni milioni 2 na laki 4.

Mume wangu hana ugomvi na sanaa, lakini anaona kwamba fedha za namna hii zingekwenda kwenye hati fungani au vipande vya UTT, yaani mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na ikibidi iwe picha, basi iwe ya chui, kwa kuwa kitu cha kale hakishuki bei. Shemeji yangu naye amesoma kwamba picha ya mchoraji aliyezaliwa Nairobi iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni moja, na ananishauri nigawanye fedha kwa wachoraji vijana watatu au wanne wa bei ndogo, kisha nisubiri mmoja wao apate jina. Mimi nawataka akina mama wa kivuko. Naomba wenye uzoefu mniambie: soko la kuuza tena picha lipo kweli huku kwetu? Na je, ni vibaya kutumia akiba kwa kitu ambacho huenda kisirudishe hata nusu ya bei yake?

Msimamizi wa Zamani, Nairobi

Dada Bint Ilala, nimefanya kazi upande wa mauzo katika nyumba ya maonyesho ya sanaa hapa Nairobi kwa miaka mingi, na swali lako ndilo niliulizwa mara nyingi zaidi na wanunuzi wapya, ingawa wengi waliliuliza kwa sauti ya chini baada ya kwisha kusifia picha. Nitaanza na hesabu, kwa sababu bila hesabu mazungumzo haya hugeuka kuwa matumaini.

Chukua hiyo picha ya milioni 2 na laki 4. Siku ukitaka kuiuza, hutaiuza mwenyewe, kwa sababu huna orodha ya wanunuzi. Utaipeleka kwa nyumba ya maonyesho, kwa dalali au kwenye mnada, na kila mmoja wao atakata chake. Tuseme anakata asilimia 30. Hapo picha italazimika kupata mnunuzi wa zaidi ya milioni 3 na laki 4 ili wewe urudishiwe kile kile ulichotoa, bila kuhesabu fremu, usafiri, wala thamani ambayo shilingi imepoteza kwa miaka hiyo. Fedha hizo hizo, ukiziweka mahali panapolipa riba ya asilimia 10 kwa mwaka na ukaiacha riba izae juu ya riba, zingekuwa zimeongezeka maradufu kwa muda wa miaka 7 na miezi michache. Picha hailipi riba wala gawio. Faida yake ya fedha hupatikana siku moja tu, siku ya kuuza, na siku hiyo huichagui wewe peke yako. Lazima awepo mtu mwingine anayeitaka.

Kuhusu soko la kuuza tena: lipo, lakini ni jembamba. Hapa Nairobi, nyumba ya sanaa ya Circle Art ilianzisha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki mwaka 2013, na kwa mara ya kwanza watu waliona hadharani bei za kazi za wachoraji kama Jak Katarikawe, Geoffrey Mukasa na Edward Tingatinga zikipanda kwa kunyoosha mikono ukumbini. Jambo hilo lilisaidia sana, kwa kuwa kabla ya hapo bei zilikuwa siri kati ya muuzaji na mnunuzi. Lakini angalia majina yenyewe. Ni ya watu waliofanya kazi miongo mingi, au waliofariki, au walioanzisha mtindo mzima. Mchoraji mwenye umri wa miaka 27, hata akiwa hodari, hana nafasi huko bado, na picha yake ukiileta leo utaambiwa kwa upole usubiri.

Picha ambayo shemeji yako ameisoma ni ya Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Kazi yake iliuzwa katika mnada wa Sotheby's mjini New York mwezi Novemba 2019 kwa zaidi ya dola milioni 1.5, ilhali wenye mnada walikadiria kati ya dola 50,000 na 70,000. Ni kweli, na ni jambo la fahari. Lakini Armitage alisoma katika vyuo vya sanaa vya Slade na kisha Royal Academy jijini London, alikuwa akiwakilishwa na moja ya nyumba kubwa za sanaa duniani, na mwaka huo huo kazi zake zilioneshwa katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice. Aliyenunua picha yake mapema hakuipata kwenye banda la Nairobi kwa bei ya meza ya kulia. Kuchukua bei hiyo na kuifanya kipimo cha wachoraji vijana wote wa Dar es Salaam ni kuwaonea wao na kujidanganya wewe.

Naomba pia nikutajie mfano mmoja wa mbali ambao mimi huuheshimu kwa sababu hesabu zake ziliwekwa wazi. Mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli wa Uingereza, kuanzia mwaka 1974, ulitumia takriban pauni milioni 40 kununua kazi za sanaa zaidi ya 2,400, kwa hofu ya mfumuko wa bei ambao wakati huo ulikuwa mkali sana. Walikuwa na washauri bora kuliko nitakavyowahi kuwa mimi na wewe, walikuwa na maghala, bima, na subira ya zaidi ya miaka 20. Walipomaliza kuuza, faida yao ilikuwa takriban asilimia 11 kwa mwaka, ambayo ukiondoa mfumuko wa bei hubaki kama asilimia 4. Si hasara. Lakini sehemu kubwa ya faida hiyo ililetwa na kundi dogo la picha za Kifaransa zilizouzwa mwaka 1989, soko lilipokuwa limepanda kupita kiasi, na vitu vingine vingi walivyonunua havikuwafikisha huko. Ikiwa mfuko mkubwa namna ile ulihitaji vitu 2,400 na bahati ya mwaka mmoja, mtu mwenye picha moja ukutani hana haki ya kuiita mpango wa fedha.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la mwisho ni kwamba si vibaya, mradi uzihesabu fedha hizo kuwa zimetumika, kama unavyohesabu ada ya shule ya mtoto. Milioni 1 na laki 6 itakayobaki ipelekeni kwenye hati fungani na mzee wako wa nyumbani ataridhika.

Mwekezaji wa Arusha

Namheshimu Msimamizi wa Zamani lakini sikubaliani naye kwa yote, na naona si vyema mgeni aondoke hapa akiamini kwamba kupata faida katika sanaa ni bahati tupu. Wapo watu walionunua michongo na picha za George Lilanga katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam wakati bei zake zilikuwa za kununuliwa na mtumishi wa kawaida. Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, baadaye alinunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya na Japani, na kazi zake nzuri leo zina bei ambayo wanunuzi wale wa kwanza hawakuiota. Walichokifanya hakikuwa uchawi. Walimwona mtu mwenye mkono wa pekee, anayefanya kazi kila siku, mwenye jumba linalomtunza na kumtangaza, wakanunua kazi zake zilizo bora na wakazihifadhi.

Ninachopinga ni ile tabia ya kununua ovyo. Mtu anayetaka thamani ikue anunue kazi kubwa ya msanii badala ya kuokota zile ndogo alizozichora kwa ajili ya watalii. Anunue kwa mtu ambaye ameshiriki maonyesho kadhaa yanayothibitika kwa maandishi. Na asinunue kwa sababu tu bei ni ndogo. Ushauri wa shemeji wa kugawanya fedha kwa watatu au wanne una mantiki katika hisa, kwa kuwa hisa moja ya kampuni ni sawa na nyingine ya kampuni ile ile. Picha haziko hivyo. Ukigawanya milioni 4 kwa wanne, utapata picha nne za kati, na soko la baadaye huzikimbia picha za kati hata kama ni za mtu maarufu. Ni afadhali moja iliyo kilele cha kazi zake.

Kuhusu chui, ningesita. Tatizo la Lilanga ndilo tatizo la Tingatinga: bei ilipopanda, bandia zikajaa.

Mchoraji wa Mikocheni

Nawashukuru wote kwa jinsi mnavyolizungumza jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa kwetu sisi ni chakula. Ngoja niseme kuhusu chui kwanza, kisha nirudi kwa kijana wa kivuko, ambaye simjui na sitaki kujua ni nani.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora karibu mwaka 1968 na aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 hapa Dar es Salaam, baada ya kudhaniwa kuwa mhalifu. Yaani alichora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa ndugu na jamaa wachache, akina January Linda, Simon Mpata, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia na Adeusi, na wao ndio walioendeleza mtindo hadi ukapata ushirika uliosajiliwa mwaka 1990. Tangu mwanzo ilikuwa desturi ya kawaida kurudia sura ile ile ya chui, tembo au ndege ikipendwa na wanunuzi, na hakuna aliyeona aibu kwa hilo, kwa sababu walikuwa wanauza pale kwenye maduka ya Morogoro Stores kwa watu wanaotaka ukumbusho. Kwa hiyo saini peke yake haithibitishi mwaka wala mkono. Naomba mnielewe vizuri: picha hiyo yaweza kuwa halali kabisa. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya chui wa 1971 na chui wa 1995 ndiyo tofauti nzima ya bei, na anayekutaka ulipe milioni 3 na nusu ndiye anayepaswa kuionyesha tofauti hiyo.

Ukienda kumwona tena, mwombe aigeuze. Picha za mwanzo zilichorwa juu ya ubao wa dari, ule mgumu wenye uso laini upande mmoja na upande wa pili wenye alama kama za chekecheke, kwa rangi za mafuta za kopo zilizokuwa zikipakwa baiskeli. Rangi hiyo huacha ngozi nene yenye kung'aa, na baada ya miaka 50 hutegemewa iwe imeingia manjano kidogo, ina mikwaruzo, na pembe za ubao huwa zimevimba au kumung'unyika kwa unyevu. Ukikuta ubao umezeeka lakini rangi bado ina harufu, au pembe zimemung'unyika na rangi imepita juu ya ule mmung'unyiko badala ya kubanduka pamoja nao, basi kuna mtu alipata ubao wa zamani na kuuchora hivi karibuni. Muulize pia ilikuwa kwa nani kabla yake. Mtu aliyeinunua mwaka 1972 alikuwa na jina, na mara nyingi ana watoto walio hai wanaoikumbuka sebuleni.

Sasa kuhusu kununua vijana kwa kusubiri bei ipande. Kuna mnunuzi mmoja, ambaye simtaji, aliyechukua kazi kadhaa za mwenzangu kwa mkupuo, akaomba punguzo kubwa kwa sababu ananunua nyingi, kisha alipopata shida ya fedha akazitangaza zote mtandaoni kwa nusu ya bei ndani ya mwaka ule ule. Wateja wengine wa mwenzangu waliziona. Waliokuwa wameahidi kununua waliahirisha, na wale waliokwisha kununua kwa bei kamili walimpigia simu kulalamika. Ilimchukua muda mrefu kurudi pale alipokuwa, na hakuwa amekosea lolote. Mnunuzi anayependa picha huitunza na kuitaja jina la mchoraji kwa wageni wake, na hiyo hutusaidia kuliko mtu mwenye mpango wa kuuza haraka anavyoweza kutusaidia kwa fedha zake.

Jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba kununua picha si kununua haki ya kuichapisha. Picha ni yako kuitundika, kuirithisha na kuiuza, lakini huwezi kuiweka kwenye fulana wala kalenda bila ruhusa ya aliyeichora. Nchini Kenya, tangu marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019, msanii ana haki ya kupata asilimia 5 ya bei halisi kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Mimi naiona ni sheria ya haki, kwa sababu thamani inayopanda inatokana na miaka ambayo sisi tumeendelea kuchora bila kukata tamaa.

Na msione kwamba kununua kwa mapenzi ni jambo la wenye fedha. Herbert na Dorothy Vogel wa New York walikuwa karani wa posta na mkutubi. Waliishi kwa mshahara wa mke na kununua sanaa kwa mshahara wa mume, kuanzia miaka ya 1960, kwa masharti kwamba kazi iwe ya bei wanayoiweza na iingie katika nyumba yao ndogo. Walikusanya maelfu ya kazi, hawakuwa wakiziuza, na mwaka 1992 waliamua kuzikabidhi kwa jumba la taifa la sanaa la Washington. Wasanii waliowauzia kazi zao waliwafungulia milango kwa sababu walifika mapema, walitazama kwa muda mrefu, na wengine walilipwa kidogo kidogo. Bint Ilala, nawe muulize kijana kama anakubali malipo ya awamu. Wengi wetu tunakubali.

Mwana wa Lubumbashi

Nawaandikia kutoka Ubelgiji, ila mimi ni mtoto wa Katanga, na nina neno moja la kuongeza kuhusu nani anafaidika bei ikipanda.

Kwetu Lubumbashi, katika miaka ya 1970, picha hazikuwa mali ya wazungu na matajiri. Makarani, walimu na wafanyakazi wa migodi walizitundika sebuleni: mamba muntu, yaani mwanamke nusu samaki, mwenye nywele ndefu, kijiji cha zamani, askari wa kikoloni akisimamia mfungwa anayechapwa viboko mbele ya wake zake. Zilichorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na mchoraji alipita nyumba kwa nyumba kuziuza. Hakuna aliyemuuliza kama bei itapanda. Watu walizinunua kwa sababu zilikumbusha, na mgeni akiingia mazungumzo yalianzia pale.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya nchi yetu kwa picha zaidi ya 100, na akamweleza kila picha kwa Kiswahili cha Katanga mtafiti Johannes Fabian, ambaye ndiye alizinunua. Leo mkusanyiko huo uko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum na ambalo sasa linaitwa Wereldmuseum, na wataalamu husafiri kwenda kuutazama. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakuonekana tena. Picha zile zimetunzwa vizuri kwa kuwa aliyezinunua alizijali, aliandika kila neno alilosema mchoraji, na aliziacha pamoja bila kuziuza moja moja. Zile zilizobaki sebuleni kwetu nyingi zimeoza. Kwa hiyo mimi simlaumu mtu anayenunua kwa mapenzi, ila namwomba ayapende kwa vitendo: aandike, atunze, na aulize mchoraji alikuwa anasema nini. Dada, umemuuliza kijana kwa nini nyuso hazina macho?

Bint Ilala, Dar es Salaam

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimesoma majibu yote pamoja na mume wangu jana usiku, na kwa kweli hesabu ya Msimamizi wa Zamani imemgusa zaidi ya maneno yangu yote. Leo mchana tulirudi kwa muuzaji wa chui. Nilimwomba aigeuze picha. Alisita, kisha akasema imegandishwa kwenye fremu na hawezi kuifungua. Nilipouliza ilikotoka alisema kwa mzungu mmoja aliyeondoka zamani, bila jina. Tumeiacha.

Kwa kijana nilikwenda peke yangu. Nilimuuliza kuhusu nyuso. Alisema mama yake alivuka kivuko kile kila siku kwa miaka yote ya utoto wake, na yeye akiwa mdogo alikuwa akimshika mkono katikati ya umati bila kuweza kuuona uso wake, kwa sababu ya kimo. Anakubali nilipe nusu sasa na iliyobaki kwa miezi mitatu. Swali langu la mwisho ni la utaratibu. Sisi tunakaa karibu na bahari, nyumba ina unyevu, na ningependa picha hii iwafikie wanangu ikiwa nzima. Ninunue vipi, na niitunze vipi?

Mzee wa Makadara, Mombasa

Mwanangu, nimeishi na picha na vinyago kando ya bahari maisha yangu yote ya utu uzima, na adui zako ni watatu: unyevu, jua na mchwa. Usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje, wala ukuta ambao nyuma yake kuna bafu. Bandika vipande vidogo vya kizibo au mpira kwenye pembe nne za nyuma ya fremu, ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Bila hivyo, mwisho wa masika utakuta madoa ya kuvu nyuma ya turubai. Jua la dirishani likiifikia moja kwa moja, rangi nyekundu na zambarau ndizo zitakazotangulia kufifia. Vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Nimeona watu wakipangusa akriliki kwa kitambaa cha maji na sabuni wakidhani wanaisafisha, na rangi ikatoka na kitambaa. Na kama utahama, usiikunje. Turubai ikibidi ivingirishwe, iwe juu ya bomba nene, upande wa rangi ukiwa nje, na kati yake karatasi isiyo na gundi.

Fremu usiifanye kwa haraka kwa fundi wa kwanza unayemwona. Mwambie asigongelee misumari kupita kwenye turubai yenyewe, na mbao atakazotumia ziwe zimetiwa dawa. Mimi hukagua nyuma ya fremu kila baada ya miezi michache. Unga mwembamba kama wa mahindi ukianza kudondoka sakafuni, ujue mdudu ameshaingia kwenye mbao, na fremu itoke ukutani siku hiyo hiyo.

Karatasi ni muhimu kama picha. Nyumba za sanaa hufunguliwa na kufungwa. Hata Gallery Watatu ya Nairobi, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuwalea wachoraji wengi, haipo tena, na aliyekuwa akitegemea daftari lao sasa hana pa kuuliza. Risiti yako iwe na jina kamili la mchoraji, jina la picha, mwaka, vipimo, aina ya rangi na ya kitambaa, bei na tarehe za awamu zote. Mwombe asaini na nyuma ya turubai pia, kwa penseli juu ya ukingo wa mbao. Piga picha mbele, nyuma na saini kwa karibu, uziweke mahali pawili. Yale aliyokueleza kuhusu mkono wa mama yake yaandike leo, kwa maneno yake, ungali unayakumbuka.

Mchoraji wa Mikocheni

Shikamoo mzee, umesema yote niliyotaka kusema na zaidi. Niongeze moja tu kwa Bint Ilala. Kabla hujalipa awamu ya kwanza, kubalianeni kwa maandishi kwamba kijana ataruhusiwa kuiazima picha ikiwa atapata maonyesho, iwe Nafasi, kituo cha sanaa cha hapa Dar es Salaam, au Nairobi au kwingineko. Kila maonyesho yanayoitaja picha kwa jina yataingia kwenye kumbukumbu zake na zako, na kwa mchoraji wa umri wake kazi nzuri iliyofungiwa kusikoonekana ni pengo kubwa. Andikeni pia nani atalipia usafiri, nani atawajibika ikiharibika njiani, na itarudi kwako ndani ya siku ngapi baada ya maonyesho kufungwa.